Tandiko la Diwani

Diwani Vedasto alikuwa amepanda tandiko lililowekwa juu ya pipa la lami, mguu huku, mguu kule, na Bertila, fundi wa ngozi, alikuwa akimpima paja kwa tepu. Wapita njia wa Tabora walipunguza mwendo wa baiskeli ili watazame.

"Hili nalo linanibana," diwani alisema.

Lilikuwa tandiko la tatu. La kwanza lilimchoma, la pili aliliona la kimaskini.

Tamasha la njia ya misafara lilikuwa Jumamosi. Wenzake wangeingia uwanjani kwa miguu, wakiigiza wapagazi wa zamani. Diwani alikuwa ameamua kuingia juu ya farasi mweupe, kama mkubwa wa msafara.

Bertila hakuwa na budi kumridhisha. Kibanda chake kilikuwa kimechorwa X nyekundu ya kubomolewa, na diwani aliahidi kwamba tandiko likimkaa vizuri, X ile itafutwa.

"Mheshimiwa, tandiko hupimwa kwa wawili," Bertila alisema. "Wewe nimekupima. Naomba nikampime na farasi mgongo. Lisipomkaa, litamchubua."

"Farasi hana neno."

"Wamjuaje?"

"Ni mtiifu. Nimeshamwambia Ijumaa alale mapema. Wewe mpime anayepanda, mama."

Basi Bertila akakipanua kiti cha tandiko kwa vidole vinne, akashindilia sufi, akapigilia vifungo vya shaba pembeni. Mara hii diwani aliketi, akafumba macho, akatabasamu kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

"Hili ndilo!"

Jumamosi asubuhi Bertila alilibeba hadi nyuma ya jukwaa. Ngoma zilikwisha kuanza. Farasi alikuwa amesimama kivulini, mweupe pe, kichwa kimeinama, ametulia kupita kiasi. Bertila akamtandika, akakaza mkanda, akajaribu kupitisha kiganja kati ya tandiko na mgongo, kama afanyavyo fundi yeyote. Kiganja hakikupita. Kiti kipana cha diwani kilikuwa kimelalia uti wa mgongo wenyewe.

"Mheshimiwa, litamuumiza."

"Ni mita mia mbili tu," diwani alisema, huku akipanda juu ya stuli. "Halafu ile X yako nimeagiza ifutwe leo. Au niwapigie simu waiache?"

Bertila aliweka mkono wake shingoni mwa farasi, taratibu, kama anayempa pole mfiwa.

"Dada Bertila," farasi akanong'ona, "mwombe apande polepole. Mimi ni miguu ya mbele; ya nyuma ni Mwalimu Nikolaus, na mgongo wake bado haujapona."