Kocha wa Kusahau

Swala alikuwa na mbio kuliko wanyama wote wa mbugani, lakini hakuwahi kushinda. Kila alipoukaribia utepe wa kumalizia mbio alikumbuka mwaka alioanguka pale pale, akapunguza mwendo, wenzake wakampita. Safari hii akishindwa tena, timu ingemwacha.

Mama yake akampeleka kwa Ngiri, ambaye hakuna jambo lililowahi kukaa kichwani mwake. Ngiri humkimbia simba roho juu, kisha katikati ya njia akasahau anakimbia nini, akasimama kula majani.

"Hiyo kazi ndogo," alisema Ngiri. "Likishapita jambo, mwanangu, lifute kichwani."

Wakafanya mazoezi mwezi mzima. Siku ya mashindano Swala aliwaacha wote mbali. Alipofika pale alipoangukia, hakukumbuka kuanguka. Na mbio zenyewe hakuzikumbuka. Aliona majani mabichi kando ya utepe, akainama akala, na Nyumbu akapita akihema kwenda kuchukua kombe.

"Umeshindwa!" mama yake akalia.

"Katika nini, mama?" aliuliza Swala, uso umemchangamka.

Mama akaenda moja kwa moja kwa Ngiri, akamweleza yote kwa hasira. "Hivi kocha gani anamfundisha mtoto kusahau hata mbio?"

"Mpumbavu mkubwa huyo!" Ngiri akafoka. "Nionyeshe anapoishi, nikamtie adabu sasa hivi!"

Akatimka, mkia juu. Hatua ishirini mbele akasimama, akaanza kula majani.