Nungunungu Afagia Darasa

Ilikuwepo sekondari ya viwavi, na asiyeamini akaulize majani makavu, maana ndimo wanafunzi walimolala. Mwalimu wao wa mazingira, Nungunungu, alijiona bingwa wa usafi. Siku ya ukaguzi alifagia uwanja kwa miba yake mpaka ukang'aa kama ndoto, akarundika majani yote jalalani, akashika kiberiti.

Mkaguzi Kobe alipofika, Nungunungu alijigamba, "Mazingira si ndiyo haya, mzee wangu!"

"Pasafi kweli, Mwalimu. Wanafunzi wako wapi?"

Nungunungu akaangaza macho. Uwanja mtupu. Jalalani zikasikika sauti za usingizini:

"Tumo humu, Mwalimu. Tunaota mabawa."

Kiberiti kikamponyoka. Akaanza kuyarudisha majani, moja moja, akinyata.

Kobe akanong'ona, "Haya, sasa ndipo unapofundisha."