Tone la Maji ya Kombe

Maalim Anwari alibandua jicho kwenye hadubini, uso umemparama.

"Hivi vinavyoogelea ni viumbe gani?"

"Vijidudu, babu," alijibu mjukuu wake, mwalimu wa sayansi pale Rujewa. "Ulaya nao waliduwaa vivyo hivyo, karne zile lenzi ilipowafunulia mara ya kwanza."

"Na maji haya ya wapi?"

"Ya mtungi wako."

Maalim akavitazama vidole vyake, vimekoza zafarani. Miaka arubaini aliandika aya kwenye sahani, akaziosha kwa maji ya mfereji wa mpunga, akawanywesha wagonjwa.

Barazani, mama mmoja alikwisha kuinua kikombe cha kombe hadi midomoni mwa kichanga chake kinachoharisha.

"Usimnyweshe!" Maalim alipiga ukelele. "Maneno ni ya Mungu, mwanangu. Maji niliyateka mimi."