Maganda kwenye Tairi

Fundi wa pikipiki aliweka tairi mbili mbele ya Ambilike. Moja ilikuwa na meno makubwa ya kung'ata matope, na nyingine ilikuwa laini, ya lami.

"Bado unapanda kule kwa mkweo?"

Ambilike alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tangu mkewe azikwe, kila Jumapili alipanda kilima kumpelekea mama mkwe sukari na mafuta ya taa. Mama yule alipokea bila neno, akaingia ndani, akafunga mlango. Mvua ikinyesha njia ile ni utelezi mtupu, na Ambilike alikuwa amechoka mpaka mifupani.

"Weka ya lami," alisema. "Aliyetuunganisha hayupo tena."

 Fundi aliichomoa tairi kuukuu ya nyuma ya pikipiki, akaanza kuikwangua udongo ili baadaye aikate kuwa viatu. Katikati ya meno yaliyolika palikuwa na maganda ya kahawa, yameshindiliwa hasa.

"Maganda yote haya umeyakanyaga wapi?"

Ambilike akaikumbuka kona kali chini ya nyumba ya mkwe, pale alipoteleza akaanguka mwaka jana, mama yule akimtazama. Tangu siku ile, kila alipopanda aliikuta imetandikwa maganda makavu, mapya. Hakuwahi kujiuliza nani anayatandika. Kule juu hakukuwa na nyumba nyingine.

"Nifunge?" fundi aliuliza, tairi ya lami mkononi.

Ambilike alitazama kilimani. Ilikuwa Jumamosi, na kule juu mvua ilikuwa imeshaanza.