Dripu ya Samaki

Somoe alibana mpira wa dripu kwa vidole viwili. Maji ya tangi lake dogo la matumbawe yakaanza kudondoka, tone baada ya tone, kwenye ndoo ya samaki mgeni, wa aina ya wachekecha mchanga, mwembamba kama kidole.

"Mama Rehema, mmwage tu tangini," Kondo alimwambia mkewe. "Maji chumvi ni maji chumvi."

"Lazima ayazoee polepole. Ukimharakisha anakufa."

Alihesabu matone huku akitazama saa, kama alivyozoea kufanya wodini kabla ya siku ile alipomharakishia mgonjwa dripu, na mgonjwa akafa. Sare yake ya uuguzi ilining'inia mlangoni mwezi wa pili sasa. Matroni alikuwa amesema arudi leo mchana, la sivyo asirudi tena.

Saa nzima ikapita ndipo alipomwachia samaki tangini. Akazama mpaka chini, akalala ubavu. Kondo akafungua mdomo. Somoe akamwinulia mkono anyamaze.

Samaki akatikisika. Akageuka, akauma mchanga kinywa tele, nao ukaanza kumwagika taratibu mashavuni mwake.

Bila kuondoa macho kwenye kioo, Somoe alinyoosha mkono nyuma, akipapasa mlango, akiitafuta sare.