Binti wa Mwambani

Joka lilitoa kichwa jukwaani, lakini mwana wa mfalme hakutokea. Mwigizaji wake alikuwa nyuma ya pazia, zipu ya vazi imemkwamia, akilaani kwa sauti ya chini.

Binti aliyefungwa mwambani alipiga ukelele wake. Akapiga wa pili. Watazamaji wakaanza kucheka.

"Endelea kulia, dada!" mwongozaji alimnong'oneza kutoka pembeni. "Anakuja!"

Katika hadithi hiyo ya kale, kazi ya binti ilikuwa kulia na kungoja. Aliitazama kamba mkononi mwake. Fundo lilikuwa la kuigiza tu. Hata mtoto angelifungua.

Akalifungua.

Alishuka mwambani pekupeku, akamnyang'anya mlinzi mmoja wa igizo mkuki wa mbao, akalichoma joka kooni. Waigizaji wawili waliokuwa ndani ya joka walisita kidogo, kisha wakafa vizuri kuliko siku zote.

Akina mama wa viti vya nyuma walisimama, vigelegele vikatikisa paa.

Ndipo shujaa akaingia mbio, upanga juu. "Binti, nimekuja kukuokoa!"

Binti alikuwa amekikanyaga kichwa cha joka, anahema, anacheka.

"Pole na safari, kaka," alisema. "Shika mkia huo, tuliburute."