Hina ya Miaka Arobaini

Katika jimbo lao, kamari halali ilikuwa moja tu: kubeti ndoa itadumu miaka mingapi. Bi Zamoyoni, somo wa mabibi harusi, alitembea kifua mbele. Hakuna hata mmoja aliyemfunda aliyewahi kuachika, na watu waliwawekea miaka arobaini wakiwa wamefumba macho.

Leo alikuwa akimpaka hina mjukuu wake, Mwanakheri.

"Mji mzima umekuwekea arobaini," alijigamba. "Hata mimi."

"Mimi na Shaame wangu tumeweka mwaka mmoja, bibi. Kwa sifa ya jina lako hakuna mwingine aliyethubutu, kwa hiyo zawadi yote yetu. Tutaachana kwa adabu, tujenge, kisha anirejee."

"Na asipokurejea?"

Mwanakheri aliuvuta mkono ghafla, na kwa mara ya kwanza ua la hina la Bi Zamoyoni likapinda.